Saba Chini, Mbili Kulia

Kompyuta yetu ya kwanza niliinunua bila kipanya, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa kule Bura, katika shule moja iliyokuwa ikiondoa vyombo vyake vya zamani vya ofisi. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza biashara yangu ya vyombo vya umeme vya mtumba mjini Voi: pasi, redio, birika, nyaya za kila aina. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliniomba kitu kimoja tu siku hiyo: nyamaza, tulipe, twende nyumbani. Sikuweza. Karani alitaja bei, nikaishusha. Naye akashusha kidogo, nikashusha tena. Nikasema rangi yake imekuwa ya chai. Nikasema kibodi ina vitufe viwili vilivyofutika herufi, nikavihesabu mbele yake. Mwishowe akavua miwani, akanitazama kama mtu aliyeshinda njaa.

"Sawa, mama. Chukua kwa bei yako. Lakini kwa bei hiyo, hiki hakimo."

Akachomoa kipanya, akakizungushia waya wake, akakitia kwenye droo na kufunga kwa ufunguo.

Nilijua ananitisha. Muuzaji akitoa kitu kimoja kwenye rundo, anataka ukirudie kwa bei yake. Dawa ni kuondoka. Basi nikaondoka, mume wangu nyuma yangu amebeba sanduku, mimi nimekumbatia skrini iliyokuwa nzito kama mtoto wa miaka mitano aliyelala. Nilifika langoni nikageuka. Hakuna aliyeniita.

"Kile kitu kilikuwa cha nini hasa?" nikamuuliza mume wangu tulipomaliza kupakia.

"Cha kuiendeshea."

"Kuendeshea nini?"

"Yote."

Akageuka akatazama dirishani mpaka Mwatate.

Nimeuza vitu vingi tangu siku hiyo na nimenunua kwa maneno mengi, lakini bado nikisikia vijana siku hizi wakilalamika kwamba simu imechelewa kufungua kwa nukta mbili, nachoka. Sisi tulikuwa na mashine iliyochukua muda wa kuchemsha maharagwe. Ukiiwasha ilinguruma kwanza, halafu ikakohoa, halafu ikahesabu. Ndiyo, ilihesabu kumbukumbu yake yote kwa tarakimu nyeupe pembeni mwa skrini kila asubuhi, kama kwamba usiku kuna mtu ameiibia. Ikimaliza, ilihesabu tena. Nilipoona hivyo siku ya kwanza nikasema, na huyu tutaelewana.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, aliishonea vitambaa. Nyumba zetu zilikuwa hivyo: kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata jagi la maji lina kofia yenye shanga. Kompyuta ikapata seti kamili ya nyeupe na manjano, kimoja cha skrini, kimoja cha sanduku, kimoja kirefu cha kibodi. Kabla ya kuiwasha ulivua viatu mlangoni kwa sababu ya lile vumbi jekundu, ukanawa mikono, ukavua vitambaa kimoja kimoja na kuvikunja. Siku moja tulisahau kuvua cha sanduku. Kwa joto la Voi, baada ya nusu saa nyumba ikanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Tangu hapo mume wangu alifungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi na kuliacha wazi, matumbo nje, feni ikizunguka. Wifi alipokuja akaliona akasema, "Mmemvua nguo mgeni wangu." Hakushona tena.

Kuhusu kipanya, nilisema nitanunua kingine nikikipata kwa bei yangu. Bei yangu haikufika. Mume wangu alikaa likizo nzima ya Aprili akitafuta namna ya kuiendesha kwa vidole, na akagundua kwamba vitufe vya mishale vinafika popote ukiwa na subira. Unabonyeza hiki, orodha inafunguka. Unahesabu mara saba chini, mara mbili kulia, unabonyeza kile kikubwa, na karatasi nyeupe ya kuandikia inatokea. Saba chini, mbili kulia. Niliandika hivyo nyuma ya kalenda nikabandika ukutani. Kufunga: nne juu, moja kushoto. Mchezo wa karata: tano chini, tatu kulia. Binti zetu wawili waliimba hesabu hizo wakiruka kamba uani, na jirani aliniuliza kama ni wimbo wa Sunday school.

Binti mkubwa alipokwenda chuo Mombasa, akawekwa mbele ya kompyuta yenye kipanya, alikisukuma pembeni akaanza kuhesabu mishale. Mwalimu alimuuliza ametoka shule gani. Akasema, "Nimetoka kwa mama."

Watu walikuja. Barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya kanisa. Mume wangu alichapa kwa vidole viwili na baada ya kila mstari alihifadhi, kwa sababu stima ya Voi ilikuwa inaondoka bila kuaga. Kuchapisha kwenyewe tulikuwa tunapeleka disketi kwenye saiba ya mjini. Disketi nyeusi, nyembamba, ndani ya kopo la kakao lililofungwa kwa mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie. Ungeniona nilivyotembea na kopo lile kifuani, ungedhani nimebeba yai la mbuni.

Halafu mama mkwe akashuka kutoka Bura kuja kutibiwa macho.

Alikaa nasi miezi miwili. Kompyuta aliisalimia kila asubuhi, si kwa ushamba. Alisema kitu kinachonguruma ndani ya nyumba ya watu ni adabu kukisalimia. Alinipenda kwa namna yake. Mimi ni Mkamba wa mjini, mtu wa kuja, na mwanzoni aliponiona nahesabu viazi vya kupondea kimanga kabla ya kuvimenya alimwambia mwanawe kwamba ameoa karani. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na hesabu iliyonishinda.

Ukimuuliza ana watoto wangapi, alisema wanane.

Nilihesabu. Mume wangu, wa kwanza. Shemeji anayemfuata. Wifi wa vitambaa. Mashemeji wawili wa mwisho. Watano. Nilihesabu tena kwa picha zilizokuwa ukutani. Watano. Siku moja nikamwambia, tukiwa tunachambua mchicha, "Mama, mimi napata watano."

Hakuinua macho. "Wewe unahesabu wanaokula."

Watatu walikufa wadogo. Mmoja kabla ya mume wangu, wawili katikati. Hawakuwahi kubatizwa, kwa hiyo hawamo kwenye kitabu cha misheni. Majina yao hakuyataja nyumbani, wala hakuruhusu mtu ayataje. Alikuwa na taratibu yake, sijaiona kwa mtu mwingine, kwamba jina la mtoto asiyekuwepo haliitwi bure. Litaandikwa mara moja, litatajwa mara moja, basi. Kutajwa alikuweka kwa ajili ya siku yake ya kuzikwa. Kuandikwa alimpa mwanawe, kwa ile mashine.

Walifanya kazi hiyo alasiri, siku tisa, na mimi nilitumwa jikoni. Alisimulia maisha yake yote, si majina tu. Kupitia pazia nilisikia vidole viwili vikichapa, na wao wakibishana.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Soma."

Akasoma.

"Sikusema hivyo."

"Umesema, mama. Sasa hivi."

"Nilisema, lakini sikusema hivyo. Futa."

Siku ya tisa vidole vilichapa taratibu kuliko siku zote. Mume wangu alitoka akaenda kusimama uani. Mama mkwe akaniita ndani, akanishika mkono.

"Wewe unayehesabu," alisema. "Siku yangu, uhesabu. Wakisoma watano, simama useme hapana. Nataka wasomwe wote."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nimewaahidi watu vitu vingi katika maisha ya biashara, vingine nikijua kabisa sinavyo. Hiki niliahidi kwa moyo mmoja.

Alipopanda kurudi Bura, nilimwambia mume wangu aweke nakala mbili.

"Mama amesema iandikwe mara moja."

"Mama haijui stima ya Voi. Weka mbili kwenye disketi, na humo ndani ya mashine pia weka mbili."

"Mbili ndani za nini? Ikiungua, si zinaungua zote?"

"Weka."

Akaweka, akinung'unika. Disketi mbili nilizipokea mwenyewe, nikazitia kwenye bahasha, na bahasha nikaiweka mahali pa heshima kuliko pote ndani ya nyumba: juu ya spika kubwa ya redio, chini ya kitambaa, pamoja na vyeti vya shule na kadi za kliniki za watoto. Katika nyumba yetu, na nadhani katika nyumba yako pia kama umeishi huku, kitu cha maana kilikaa hapo. Hakuna mwizi aliyepagusa, hakuna mvua iliyopafikia.

Mwaka uliofuata nilizipeleka saiba ili tumchapishie mama mkwe kitabu kidogo cha maisha yake. Mwenye saiba akajaribu ya kwanza. Haisomi. Akajaribu ya pili.

"Mama, ulikuwa unaziweka wapi hizi?"

"Juu ya spika."

Akacheka, kisha akaniangalia usoni akaacha. Akanieleza taratibu kwamba ndani ya spika mna sumaku, na disketi na sumaku haziishi nyumba moja. Mimi, muuza redio, niliyefungua spika zaidi ya mia na kuuza sumaku zake kwa watoto wa shule, niliambiwa hivyo na kijana wa saiba, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali.

"Usijali," mume wangu akasema. "Si yamo ndani ya mashine? Na mara mbili, ulivyotaka."

Basi hatukujali. Ndivyo mambo yanavyopotea. Skrini ilikufa, tukasema tutatafuta nyingine. Mabinti wakaenda zao. Mume wangu akaugua akafa, na kwa muda sikujali kitu chochote kinachochomekwa ukutani. Mama mkwe alikuwa hai kule mlimani na akili zake, kwa hiyo nilidhani maneno yake yako kwake, salama. Siku moja nikiwa na wageni wa kanisa na jikoni hamna kitu, alipita fundi mmoja kutoka Taveta, mtu wa kutengeneza redio na simu, tunayeuziana vipuri. Alikuja na mikungu ya ndizi kwenye gari. Akaliona lile sanduku stoo.

Nililitoa kwa mikungu mitatu. Alitaka kunipa miwili. Nilijivunia ule wa tatu wiki nzima.

Ilipita miaka. Mama mkwe alianza kusahau, kwanza majirani, halafu sisi. Lakini ukimuuliza watoto, wanane. Na mwaka huu, siku ya Jumatatu, akafa.

Jumatano tulikaa Bura kuandika programu ya mazishi. Mazishi Jumamosi, uchapishaji Ijumaa asubuhi. Shemeji yangu, ambaye sasa ndiye mkubwa, aliandika na kusoma kwa sauti: "Mama wa watoto watano, mmoja amemtangulia."

Nikasema, "Wanane. Wanne wamemtangulia."

Uchovu wa msiba unaujua: watu wamekula wali wa saa nane saa kumi na mbili, viti vya kukodi havijafika, na mtu anafungua jambo jipya.

"Shemeji," akasema, "hapa si dukani."

"Najua si dukani."

"Hao watatu sisi tumewasikia, hatukatai. Lakini tutasomaje watu wasiokuwa na majina? Wewe unayajua?"

"Siyajui."

"Dada, unayajua?"

Wifi akatikisa kichwa. Alizaliwa baada yao. Wazee wa rika la mama wamekwisha, au hawasikii tena. Kitabu cha misheni hakina.

"Basi," shemeji akasema, si kwa ubaya. "Watano."

"Yameandikwa," nikasema. "Kaka yako aliyaandika."

"Yako wapi?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ya Bura inimeze pamoja na vitunguu vyake. "Taveta," nikasema. "Niliyatoa kwa ndizi."

Usiku huo nilishuka Voi, na Alhamisi jirani yangu aliyekuwa akienda kuchukua nyanya Taveta alinipa kiti kwenye pikapu yake. Kutoka Voi tulipita Mraru jua halijachomoza vizuri, na njia nzima mpaka Maktau nilikuwa najipanga. Biashara ina sheria. Usiulize kitu unachokitaka. Uliza kingine, kisha huku unaondoka uliza, na hicho je? Usionyeshe haraka. Usivae nguo ya msiba. Nilikuwa nimevaa leso ya rangi na nimebeba kikapu kama mtu wa sokoni. Zaidi ya hapo nilikuwa najiuliza swali moja tu, na nililiuliza kila baada ya kona: kama amelifungua sanduku akauza kile kidude cha ndani chenye maneno?

Duka la fundi lina mlango unaojifunga wenyewe kwa upepo. Ulikuwa wazi. Ulishikiliwa na sanduku la rangi ya chai, na juu yake kulikuwa na alama ya duara ya sufuria niliyoiweka mimi mwenyewe stoo.

Nikaliruka kama sikuliona.

"Mama wa Voi!" fundi akasema. Ni mtu mzima, kichwa kimeanza mvi, mwenye miwani ya kukuza kipande anachokitengeneza. "Leo umekuja kuniua na bei gani?"

Nikauliza nyaya za pasi. Nikauliza betri za redio. Nikalalamika. Nikaelekea mlangoni, nikagusa sanduku kwa ncha ya kiatu.

"Na hili linafanya nini hapa?"

"Linafanya kazi ya mlango. Unalitaka?"

"Nimeona tu."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya wazimu, bei ya kufungulia mazungumzo, ya mtu anayejua atashushwa mpaka chini na ameweka nafasi ya kushushwa. Midomo yangu ilifunguka kufanya kazi yake. Nikasikia nimesema, "Sawa."

Fundi akaweka chini bisibisi.

"Umesemaje?"

"Sawa. Nalichukua."

Akavua ile miwani. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Miaka yote hii hujawahi kukubali bei yangu ya kwanza. Hata ya tatu hujaikubali. Mara moja ulinirudisha kutoka barabarani kwa ajili ya balbu." Akaja akasimama kati yangu na sanduku. "Ndani mna nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri wa aina tatu, niliuhesabu wote ukiwa kwenye ulimi. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa sijalala sawasawa tangu Jumatatu, na miguu ilikuwa imevimba, na nilijiona nikiwa pale na leso yangu ya maua.

"Wamo watoto watatu wa mama mkwe wangu," nikasema. "Tunamzika keshokutwa."

Nikamweleza yote. Ndizi pia nikazitaja. Aliinama, akaliinua sanduku, na mlango ukajifunga nyuma yetu kwa kishindo. Akalipuliza vumbi nje ya dirisha, akafungua ubavu, akachungulia.

"Kipo," akasema. "Sikukigusa. Vya namna hii havina soko."

Nikamshukuru Mungu kwa kitu kisichokuwa na soko. Ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Alitafuta skrini akapata. Alitafuta kibodi ya tundu la duara, akafukua maboksi mpaka akapata moja isiyokuwa na kitufe cha herufi ya Q. Akachomeka, akanitazama, akawasha. Ilinguruma. Ilikohoa. Nilishika meza. Ikaanza kuhesabu, zile tarakimu nyeupe pembeni, polepole, mpaka mwisho, halafu ikasimama na kulalamika kwamba haijui leo ni siku gani. Fundi akabonyeza kitufe kuiambia iendelee tu. Sisi wote tulikuwa hatujui leo ni siku gani. Tukangoja. Tukangoja sana. Ikaleta ile picha ya mawingu ambayo binti yangu mdogo aliwahi kusema ni Wundanyi, kule milimani.

Fundi akapapasa meza, akaangalia nyuma ya sanduku, akasonya. "Kipanya cha tundu hili sina. Taveta nzima hakuna. Labda nivuke mpaka niende Holili, na huko si lazima kiwepo. Kesho—"

"Kesho asubuhi wanachapisha."

"Basi tutafanyaje?"

"Sogea," nikamwambia.

Nikanawa mikono kwanza, nadhani kwa mazoea, kwenye ndoo yake ya nyuma ya mlango, kisha nikakaa. Vidole vyangu havikuniuliza. Nikabonyeza cha kufungua orodha. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba chini. Moja, mbili kulia. Kile kikubwa. Karatasi nyeupe ikatokea.

"Wewe," fundi akasema taratibu. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Ubahili."

Orodha ya faili ilikuwa fupi. Barua za watu, kadi za harusi za watu ambao baadhi yao wameshaachana. Na mwisho, MAMA, na chini yake, MAMA2. Nikafungua ya kwanza. Skrini ikajaa vijisanduku na alama, kama siafu waliomwagiwa maji. Nikafunga. Nne juu, moja kushoto. Nilikosea nikahesabu tano juu, nikatokea mahali pengine, ikabidi nianze upya. Nikafungua ya pili, ile ya kunung'unikiwa.

Ilikuwa Kiswahili cha mume wangu, kilichonyooka kama daftari la shule, na katikati yake, pale mama alipokataa kutafsiriwa, Kidawida, lugha yao ya nyumbani. Sikusoma mbele ya mtu. Nilishuka kwa mshale, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho, siku ya tisa. Fundi alikuwa ameshageukia dirishani, anatazama bodaboda zinavyopita, na aliendelea kuzitazama muda wote nilioutumia.

Majina yalikuwa mawili.

Nilihesabu tena. Mawili. Wa tatu, aliyezaliwa baada ya shemeji, alikuwa na mstari wake pia, mume wangu aliuandika hivi: "Huyu aliishi siku mbili. Hakupata jina. Mama anasema asomwe hivyohivyo."

Nikanakili kwa kalamu, kwenye karatasi moja, kwa sababu aliagiza mara moja na tayari nilikuwa nimemzidishia. Nikalinganisha herufi kwa herufi. Kisha nikalinganisha tena.

Fundi alikataa kabisa kupokea kitu. Tulibishana. Nilimpandishia bei mwenyewe, mara mbili, yeye akishusha, mpaka akafika sifuri na kusimama hapo kama nguzo, na nikaona kwamba nimeshindwa mapatano kwa mara ya pili maishani. Alinibebea sanduku mpaka kwenye pikapu, akaliweka kati ya kreti za nyanya. Nilipogeuka alikuwa anashikilia mlango wake kwa mguu, anatafuta jiwe.

Ijumaa programu ilichapishwa ikiwa na maneno "mama wa watoto wanane." Majina ya wale wadogo hayakuandikwa humo. Nilimpa shemeji ile karatasi mkononi, nikamwambia masharti. Aliisoma akiwa amesimama jikoni kwa wifi, na alipofika mstari wa tatu aliniuliza, "Huyu nitamsomaje?"

"Hivyohivyo."

Jumamosi kulikuwa na ukungu Bura, ule unaolowanisha nguo bila kunyesha. Shemeji alisoma kwa mpangilio wa kuzaliwa. Alipotaja jina la kwanza, ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, watu waligeuka kuangaliana. Akamtaja mume wangu, kisha jina la pili. Akajitaja mwenyewe. Kisha akasema kwamba baada yake mama alizaa mtoto mwingine, aliyeishi siku mbili, asiyepata jina, naye yumo. Bibi mmoja mzee sana nyuma, ambaye hatukujua kama bado anasikia, aliitikia kwa Kidawida. Sikumwelewa na sikumuuliza. Karatasi ilikunjwa, ikashuka kaburini na mama.

Sitayaandika majina hayo hapa pia.

Wifi alikuwa amesimama ubavuni mwangu, amenishika kiwiko, anapinda vidole vyake kimya kimya kadiri kaka yake alivyoendelea. Kaka alipomaliza, wifi aliniinamia.

"Ni wanane? Wamefika wote?"

Jikoni sufuria za kuazima zilikuwa zinaningoja, na vijiko, na vikombe vya kanisa ambavyo lazima virudi idadi ileile.

"Hesabu wewe," nikamwambia. "Mimi nimechoka."